Sauti Iliyofika Mwisho

1

"Wewe si mwanangu," kibuyu kilisema, na sauti ilikuwa ya mama yake.

Gaufrid Tawete alisimama katikati ya sebule, fagio mkononi. Asubuhi hiyo waombolezaji wa mwisho walikuwa wameondoka. Turubai lilikuwa limeshushwa, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, na yeye alikuwa amevumilia siku zote za matanga akingoja nyumba ibaki yao tu, azungumze na mama bila watu kunyoosha masikio. Alichosema ni shikamoo.

"Mama, ni mimi. Gaufrid."

"Gaufrid namjua. Mtoto wa kununua yule. Mliona wapi Mngoni akazaa mtoto mwenye akili? Nilimtoa kwa Wahehe, Iringa sokoni, nikawaachia mbwa mmoja mnene. Mimi sikumzaa."

Taa ndogo ya kijani ubavuni mwa kibuyu iligeuka manjano. Ikaingia sauti nyingine, ya kike, safi, isiyo na kwao: "Mzungumzaji hatambuliwi kuwa mtoto wa mwenye sauti. Mazungumzo yamefungwa."

Kampuni ya Kudumu ilikipa chombo hicho jina refu ambalo Songea nzima hakuna aliyelikumbuka. Lilikuwa sanduku jeusi, ukubwa wa mkate, lenye diski tatu zikinong'ona ndani mchana kutwa. Lilisikiliza nyumba miaka na miaka, likajifunza mtu anavyosema, anavyokumbuka, anavyokasirika, na mtu huyo alipokufa likaendelea kujibu kwa niaba yake. Watu wakaliita kibuyu, kwa kuwa mtu aliwekwa humo kama maziwa. Msichana akitaka kuolewa alimuuliza bibi yake aliyezikwa. Mahakama ikitaka kujua nani ni wa ukoo gani, ilimuuliza babu, na alilosema babu ndilo lililokuwa.

Osmunda, dada yake, alitoka jikoni mikono inadondosha maji.

"Unamfokea nani?"

"Msalimie mama."

"Nimemsalimia asubuhi."

"Msalimie tena, nisikie."

Osmunda alifuta mikono kwenye kanga, akakisogelea kibuyu. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, Osmunda mwanangu. Sinia ya kina Mapunda umewarudishia? Sitaki yule mwanamke aje kunisema kaburini."

"Nimerudisha, mama. Na Gaufrid je?"

"Gaufrid yupi? Yule wa sokoni?"

Osmunda alianza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Maneno hayo alikuwa ameyasikia, na alijua wapi. Gaufrid naye alijua.

Siku ya mazishi jeneza lilikuwa hapo hapo sebuleni, miguu kuelekea mlangoni. Vijana walipoinama kulibeba, mlango wa chumba cha mama ulifunguka, akatoka mama. Gauni lake la kijani, miwani yake yenye mkono uliofungwa uzi, mguu wake wa kushoto unaoburuta. Alikuwa Sikudhani Kikoti, Mhehe, mtani wake wa maisha. Akajitandaza mlangoni, mikono huku na huku, akasema kwa sauti ya marehemu kwamba hatoki mtu hapa, Engelberta bado hajashiba, leteni kuku kwanza. Akawageukia wafiwa mmoja mmoja. Alipomfikia Gaufrid akamshika kidevu, akauambia umati kwamba huyu si wake, alimnunua kwa mbwa. Watu walicheka mpaka wakaanza kulia upya. Gaufrid mwenyewe alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mama yake afunge macho, na alimshukuru Sikudhani moyoni kama mtu anayemshukuru aliyemvuta kutoka mtoni.

Kibuyu kilikuwa kwenye rafu yake, kimeachwa wazi. Kila nyumba ya msiba ilikiacha wazi, ili marehemu asikie nyimbo anazoimbiwa.

2

Gaufrid mwenyewe ndiye aliyekisimika kibuyu hicho, mwaka wa pili wa kazi yake ya ufundi wa vibuyu, na alijivunia kazi hiyo kuliko zote alizowafanyia watu baki. Sasa alikaa sakafuni, kibao chake cha kompyuta mapajani, akiitazama kazi yake kama mtu anayetazama daraja alilolijenga likiwa limeangukia watu wake.

Diski za nyumbani zilisema alichosema mama. Sawa. Ndiyo maana kuna nakala ya mbali. Nyumba huungua, wezi huingia, radi za Songea zinapasua mikaratusi. Hivyo kila usiku kibuyu kilituma kilichojifunza hadi kwenye handaki la makaa ya mawe lililoachwa, ndani kabisa ya milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa, ambako Kudumu walikuwa wamepanga marehemu wa nchi nzima kwenye makabati ya chuma. Gaufrid aliifungua nakala ya mbali, akauliza swali moja.

Jibu lilikuja kutoka mlimani, neno kwa neno. Mbwa mmoja mnene.

Kulikuwa na njia mbili za kutunza. Ya kwanza iliitwa matabaka: nakala ya kila usiku inatandikwa juu ya ile ya jana, kama mikeka, na siku ukitaka unavuta mkeka wowote wa chini. Ya pili ni kusawazisha: kilichoko nyumbani na kilichoko mbali vinafanana daima, kikibadilika hiki kinabadilika kile, neno la jana linafutwa na neno la leo. Laini ya mawasiliano inayopanda milima ya Matogoro ilikuwa nyembamba, wakati wa mvua ilikohoa kama mzee, na matabaka yangeikaba. Kudumu wenyewe walipendekeza kusawazisha. Kwenye matangazo yao waliuita mtindo wa kioo, na mwanamke mzuri alikuwa anatabasamu mbele yake.

Kioo. Ukijikata uso, kioo nacho kinatoka damu.

Na kibuyu kilikuwa kimeundwa kiamini neno la mwisho la mwenyewe kuhusu watu wake, maana wazazi hugombana na watoto, hupatana, hubadilisha mawazo. Mama alikaa kimya siku nyingi kabla ya kufa, koo lake limeziba. Kibuyu kilikuwa na njaa ya sauti yake. Ghafla ikaja, nzima, yenye nguvu, ikitaja mtoto kwa jina. Kikaimeza. Usiku ule ule kikaipeleka mlimani.

Moto usingefika kule. Mafuriko yasingefika. Utani ulifika.

Gaufrid alijaribu kuandika sahihisho. Kibao kikamjibu kwamba sahihisho kuhusu mtoto hupokelewa kwa sauti ya mtoto huyo tu, na sauti yake haikutambuliwa kuwa ya mtoto. Alikitazama, akakiinua, na kama Osmunda asingeushika mkono wake kingekuwa vipande vya kioo kwenye ukuta wa baba yao.

"Hasira zako zitamrudisha?" Osmunda aliuliza.

"Nani alikuomba hekima? Wewe una mama."

Akatoka. Osmunda alibaki amekishika kibao, mdomo umebaki wazi kidogo, kama aliyepigwa na mtu asiyemtarajia.

3

Sikudhani Kikoti aliishi nyuma ya shule, kwenye nyumba iliyozungukwa na mianzi. Miche aliibeba kutoka kwao Iringa alipoolewa, na kila masika aligema ulanzi, pombe ya mianzi, akawapa majirani, akawatukana wasiojua kunywa. Alikuwa anachonga ncha ya mwanzi kwa kisu Gaufrid alipoingia uani bila hodi.

"Kamwene," alisalimia kwa Kihehe bila kugeuka. "Au siku hizi Wangoni mnaingia kwa watu kama ng'ombe waliokata kamba?"

"Umeniua."

"Mbona unapumua? Tena kwa kelele."

"Kibuyu kimechukua maneno yako. Uliyoyasema mlangoni, na jeneza lipo. Mama hanijui. Kinasema nilinunuliwa Iringa."

Kisu kikasimama. Mwanamke yule aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na Gaufrid, pamoja na hasira zote, akajuta kumliza. Kisha akaona kwamba halii.

"Kwa mbwa?" Sikudhani aliuliza, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Usicheke."

"Engelberta angeanguka chini. Angeanguka, nakwambia, tungemwinua kwa machela."

"Nimekuja uniombe radhi."

Hapo kicheko kikaisha. Aliweka kisu kwenye jiwe, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono.

"Nani aombe radhi?"

"Wewe."

"Kwa utani wa msibani?" Alisema polepole, kama anayejaribu tafsiri ya lugha ngeni. "Sikiliza, mtoto. Mume wangu alipokufa, mama yako alilala kwenye kitanda changu amevaa koti la marehemu, viatu vya marehemu, akakataa kuamka. Akasema mimi ndiye niliyemuua, kwa kumlisha ugali mbichi miaka ishirini. Mbele ya wakwe. Nilikuwa sijafungua mdomo tangu waniletee habari, watu wananiogopa. Nikacheka. Nikaweza kumzika. Unadhani aliniomba radhi? Angeniomba radhi ningejua hanihesabu tena kuwa mtani. Ningejua mimi ni mtu tu."

"Kampuni haijui utani."

"Ijifunze. Ilitukuta hapa."

"Haijifunzi, mtani! Mimi ndiye nimefutwa, wewe unaniambia ijifunze." Alikuwa amepaza sauti, na kuku wa Sikudhani walitawanyika. "Mwisho wa mwezi wanaifunga sauti ya mama. Ikifungwa inakuwa rasmi. Haliingii neno, halitoki neno. Nitakufa nikiwa mtoto wa sokoni, na watoto wangu hawatakuwa na bibi."

Upepo ulipita kwenye mianzi.

"Kwa hiyo kinaamini sauti inayofika mwisho?" Sikudhani aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi shida iko wapi? Twende. Nitavaa ile miwani." Na bila kungoja jibu alinyoosha shingo, akaulegeza mdomo upande mmoja, na kutoka kwenye uso wa Sikudhani Kikoti ikatoka sauti ya Engelberta: "Gaufrid, mwanangu, umesimama hapo kama nguzo, njoo basi."

Miguu yake ilikwenda. Hatua moja ilikwenda yenyewe kabla kichwa hakijajua. Ndipo alipoona mikono iliyo chini ya sauti ile, mikono mifupi ya Kihehe yenye makovu ya mianzi, akairudisha nyuma hatua ile.

"Nyamaza."

"Nataka kukusaidia."

"Nyamaza, nimesema. Kila atakaponiita mwanangu nitajua ni mdomo wa nani. Mpaka nazeeka. Nitakuwa na mtoto, nitamleta kwa bibi yake, bibi atamwita mjukuu, na mimi nitajua ni wewe, umesimama uani kwako na kisu."

Sikudhani alikitazama kisu juu ya jiwe.

"Basi waulize wenye kibuyu," alisema.

4

Ofisi ya Kudumu ilikuwa na kapeti, na baridi ya mashine, na maua ambayo hayakuwahi kunyauka. Afisa aliyewapokea Gaufrid na Osmunda alikuwa mwanamke kijana wa Kinyakyusa, Tunsume Mwakalobo, mwenye adabu iliyonyooshwa kama suruali. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa mahali panapotakiwa.

"Poleni sana. Kwa lugha yetu hii inaitwa kughushi sauti."

"Ni utani," Gaufrid alisema.

"Naelewa, kaka. Ila mfumo hauna kipengele hicho. Neno linaweza kuwa sahihi, au la kughushi. Likiwa la kughushi, tunalitoa."

"Basi litoeni."

"Hatuwezi kutoa neno moja. Likishaingia linajishona na mengine. Tunamtoa aliyeghushi. Tunaitafuta sauti yake kwenye miaka yote ya kibuyu, tunaiondoa, pamoja na kila ambacho mama alimjibu au alijifunza kwake. Kinachobaki ni mama mwenyewe, safi." Alikisogeza kibao mbele ya Osmunda. "Wewe ndiye mtoto anayetambulika, dada, kwa hiyo kiganja cha kuidhinisha ni chako. Mfumo ukishapokea malalamiko, polisi wanajulishwa. Kwa umri wa huyo mama, sidhani kama watamfunga muda mrefu."

Kidole cha Osmunda kilikuwa tayari juu ya kibao. Alimtazama mdogo wake. Na Gaufrid alitaka. Lisifichwe hilo: alimwona kichwani mwake Sikudhani akiingizwa kwenye gari la polisi na ulanzi wake unamwagika, na moyo wake ukasema vizuri, na acheke sasa. Alitaka mama yake. Mtu aliyetupwa nje ya nyumba hachagui ufunguo.

"Mnaweza kumsikia kwanza," Tunsume alisema. "Nimeandaa nakala ya majaribio. Wengi hutulia wakishasikia."

Akagusa mahali. Kutoka kwenye meza, kutoka kwenye mbao ghali za meza ile, mama yao akasema: "Karibu, Gaufrid mwanangu."

Osmunda alimshika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama..." Hakujua aseme nini. Akachukua kile kilichokuwa karibu, hadithi ambayo mama aliirudia kila sikukuu, kila mara ikiwa ndefu zaidi, mpaka watoto waliigiza midomo nyuma yake. "Tusimulie la lori la kwaya. Lilipozama matopeni njia ya Mbinga."

"Nilisafiri na kwaya," mama alisema. "Tulifika salama, Mungu ni mwema."

Gaufrid alingoja. Hapakuwa na zaidi. Dereva aliyetukanwa mpaka akashuka kusukuma mwenyewe hakuwepo. Padri aliyepoteza kiatu hakuwepo. Sikudhani ndiye aliyekuwa amekaa pembeni yake kwenye lori hilo, Sikudhani ndiye aliyeidakia kila sentensi hadithi ilipokuwa inasimuliwa, na walipomchomoa, walichomoa lori.

"Mama, mimi ni mpumbavu?"

"Wewe ni mtoto mwema, Gaufrid."

"Sema tena."

"Wewe ni mtoto mwema."

Mama yake hakuwahi. Mama yake alisema wewe ni mtoto mwema ukiwa umelala. Alisema wema wako nauona ila macho yangu mabovu. Huyu alikuwa mjane fulani mpole wa parokia fulani, mtu wa kukaa naye benchi moja kanisani miaka kumi na kusahau jina lake.

"Huyu si mama yangu," Gaufrid alisema.

"Amekutambua, kaka."

"Mimi simtambui."

Osmunda aliuachia mkono wake. "Unasema nini? Jana umenirarua kwa sababu hakukuita mwanangu. Leo anakuita, unakataa? Mimi nimekuja hapa kwa ajili yako, Gaufrid. Kwangu mama hana kasoro. Ningekaa zangu nyumbani."

"Basi ongea naye wewe."

"Naongea naye." Osmunda aligeukia meza, mashavu yanawaka. "Mama, sinia ya kina Mapunda nimeirudisha."

"Sinia gani, mwanangu?"

"Ile ya bati. Uliyosema yule mwanamke atakuja kukusema kaburini."

"Simjui anayenisema, mwanangu. Watu wote ni wema."

Osmunda alikunja uso. Sinia ile waliiazima pamoja, mama na Sikudhani, wakagombana mwaka mzima nani aliipinda. Alikitazama kidole chake, bado juu ya kibao, akakiondoa, taratibu, kama anayekitoa kwenye moto.

"Zima," alisema.

Tunsume alizima.

Gaufrid alisimama. "Mlituambia mnatunza watu. Kwenye tangazo, yule mwanamke wenu wa kioo. Mnatunza waliokaa kimya! Mama yangu alikuwa nusu yake matusi na nusu ya matusi hayo alifundishwa na Mhehe, na nyie mnamwita mwizi mtu aliyemjenga. Ninyi mlikaa wapi mkaunda kitu cha kusikiliza misiba bila kuhudhuria msiba hata mmoja?"

"Kaka, keti."

"Siketi."

"Basi simama." Tunsume aliuangalia mlango wa vioo, kisha akapunguza sauti. Adabu ilikuwa imempungua kidogo, na kupungua huko kulimpendeza. "Kwetu Rungwe, msibani ngoma inapigwa na watu wanacheza. Nilipoanza kazi hapa niliuliza mfumo utasikia nini siku hiyo. Wakaniambia nipeleke pendekezo."

"Ukapeleka?"

"Nilipeleka."

"Wakasemaje?"

"Sijajibiwa." Alipanga kalamu zake ambazo zilikuwa zimepangwa. "Kuna jambo jingine mnaweza kufanya, na sipaswi kuwashauri. Mnaweza kukata laini ya mlimani. Mkikata, sisi hatuifungi tena sauti ya mama, haiwi rasmi, mahakama haiwezi kuitumia kusema wewe si wa pale. Atabaki kitu cha nyumbani kwenu. Lakini atabaki alivyo sasa, na lile la sokoni limo. Utambuzi wa sauti unafanyika kwetu mlimani, kwa hiyo naye hatawajua kwa taa. Atawajua kwa mnavyosema, kama kipofu. Na nakala ya mbali nitaifuta papo hapo, ndiyo sheria. Radi moja, diski zikafa, basi."

"Atakufa," Osmunda alisema.

"Ndiyo, dada. Atakufa."

Osmunda alimtazama mdogo wake muda mrefu. Hakumuuliza. Aliweka kiganja chote kwenye kibao, akakikandamiza.

5

Walipofika nyumbani alasiri, Sikudhani alikuwa tayari amekaa sebuleni. Osmunda alikuwa amempigia simu njiani, akamwambia kila kitu, na mtani hakungoja kukaribishwa. Kibuyu kilikuwa hakina taa yoyote, ya kijani wala ya manjano. Diski zilinong'ona.

"Mmekataa kunifunga," Sikudhani alisema. "Wajinga nyie. Ningepata kulala."

"Anayesema huko ni yule Mhehe?" kibuyu kiliuliza. "Umekuja kumaliza chai yangu tena?"

"Chai ya marehemu haina mwenyewe."

"Marehemu ni mumeo. Mimi niko kwangu."

Osmunda aliketi, akajiziba mdomo kwa kanga. Gaufrid alibaki mlangoni, pale pale Sikudhani alipotanda mikono siku ile. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Angesema jina lake, angelisema kwa nguvu, angebishana mpaka asubuhi ikibidi, angemkumbusha homa na shule na mguu uliovunjika. Sasa aliona kitakachofuata: soko, mbwa, sikumzaa. Angeendelea kuligonga jina lake kwenye mlango ambao jina hilo ndilo lililoufunga.

"Nani huyo mlangoni?" mama aliuliza. "Nasikia mtu anahema."

Wanawake wawili wakamtazama.

"Fundi," Gaufrid alisema.

"Fundi wa nini?"

"Wa hiki kibuyu. Nimekata laini ya mlimani."

"Nani amekuruhusu?"

"Binti yako."

"Osmunda hana akili, alirithi kwa baba yake. Na wewe, fundi, unajibu kwa ukali hivyo unadhani uko kwenu? Umeingia kwangu na viatu. Nasikia mchanga."

"Mama, mimi..."

"Mama yako nani? Vua viatu."

Hasira ikampanda Gaufrid hadi kwenye masikio. Aliijua. Ilikuwa hasira ya kufokewa mbele ya wageni, ya kuitwa kutoka uwanjani mchezo ukiwa umenoga, ya utoto wake wote, na haikufanana na ile aliyoibeba mjini na kuirudisha. Sikudhani alikuwa anatazama dari, mdomo ameubana kwa meno.

"Ninavua," alisema kwa kelele. Akainama, akavuta kiatu kimoja bila kufungua kamba, akakirusha uani. Kisha cha pili. Kuku mmoja alilalamika huko nje.

"Na kelele zako ziache huko huko na viatu vyako," mama alisema. "Mimi sigombani na watu waliosimama. Njoo ukae. Haya, fundi. Kwenu wapi?"

Gaufrid aliketi sakafuni, mgongo ukutani chini ya rafu, miguu mitupu mbele yake.

"Hapa hapa," alisema.